Kuvamiwa, kushambuliwa au kuingiwa? Maana na asili ya neno la wadudu kutamalaki mahali

Swali la msomaji: Ninatafsiri fomu za ukaguzi wa maghala na vyeti vya usafi wa mimea. Neno linalonitatiza kila mara ni "infestation", ambalo Waingereza na Wafaransa huliandika sawasawa. Kamusi inanipa "uvamizi", watu wa afya wananiambia "maambukizi", mabwana shamba wanasema "mashambulizi", na magazeti yanaandika "mlipuko". Neno hili lina maana gani hasa, limetoka wapi, na wadudu wawe wangapi ndipo litumike?

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua yale mengine. Hakuna idadi. Kunguni jike mmoja aliyekwisha kupandwa, akiingia chumbani ndani ya begi, anatosha kabisa. Fukusi mia tano waliokufa chini ya gunia hawatoshi. Vinavyotazamwa ni viwili: je, mdudu yu hai, na je, hapo alipo ana chakula na nafasi ya kuzaliana? Neno hilo linataja hali ya mahali au ya kitu. Halitaji wingi, wala halitaji tukio la kufika. Tafsiri nyingi huteleza hapo, na utelezi wenyewe una gharama: shehena isiyo na tatizo huzuiwa kwa sababu ya maiti za wadudu, na ile iliyosheheni mayai ndani ya punje hupita kwa kuwa hakuna kilichoonekana kikitembea.

Asili ya neno ni Kilatini. Kulikuwa na kivumishi "infestus", na kutokana nacho kitenzi "infestare", yaani kusumbua, kuhujumu, kufanya mahali pasikalike kwa amani. Warumi walilitumia zaidi kwa maadui kuliko kwa wadudu. Bahari yenye maharamia ilikuwa "mare infestum", na njia inayoviziwa na majambazi ilikuwa "via infesta". Tazama vizuri mifano hiyo miwili, maana siri ya neno imo humo: kinachosifiwa kwa kivumishi ni bahari na njia, si maharamia wala majambazi. Lakini Mrumi angeweza pia kumwita adui mwenyewe "infestus", kwa maana ya mwenye uhasama, anayekuja na silaha mkononi.

Sura hizo mbili ziliwashughulisha Warumi wenyewe. Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2, aliliweka neno hili katika kitabu cha 9 cha "Noctes Atticae" miongoni mwa maneno yanayoelekea pande mbili: huitwa "infestus" yule anayemletea mwenziwe madhara, na huitwa "infestus" vilevile yule ambaye madhara yanamwelekea. Akaongeza maelezo ya mwanazuoni aliyemtangulia, Nigidius Figulus, kwamba neno linatokana na "festinare", kufanya haraka, kwa kuwa adui hukimbilia kumwangamiza mtu. Asili hiyo ya haraka haishikiliwi na wanaisimu wa leo. Wao huilinganisha sehemu ya mwisho ya neno na ile iliyomo katika "manifestus", yaani aliyeshikwa waziwazi. Usilichanganye pia na "festus" ya sikukuu.

Kutoka Kilatini neno liliingia Kifaransa katika karne ya 14 na Kiingereza katika karne ya 15, likiwa bado la vita na bughudha. Baadaye matumizi yakahamia kwa panya, chawa na wadudu wa nafaka, na maana ya jeshi ikafifia. Kilichobaki mpaka leo ni ule upande wa pili aliousema Gellius: mahali palipokosa usalama kwa sababu ya walio ndani yake.

Sasa liweke kando ya maneno mawili ambayo watafsiri huyachanganya nalo. La kwanza ni la maambukizi ("infection"), ambalo kwa Kilatini ni "inficere": kuchovya kitu kwenye rangi, kukitia doa mpaka ndani. Ndiyo maana hutumika kwa vijidudu visivyoonekana, vinavyopenya mwilini na kuugeuza. La pili ni "invadere", kuingia kwa kwenda mbele, ndilo lililozaa neno la uvamizi ("invasion"). Hapo picha ni ya safari: mtu alikuwa nje, sasa yumo ndani. Kwa hiyo maneno matatu yanayofanana kwa sikio yana picha tatu tofauti kabisa, yaani doa, safari, na mahali pasipo salama. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya kazi yako ya tafsiri imekwisha.

(Kuna jambo la kando linalostahili kutajwa. Wahispania huwaita wadudu waharibifu "plaga", na neno hilo kwa Kilatini lilimaanisha pigo au jeraha. Kwa Kiswahili tuna "tauni", kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni wa kudunga kwa mkuki. Lugha mbili zisizo na undugu zimeuona msiba huohuo kama pigo kutoka nje.)

Je, Kiswahili kina neno lenye picha ileile ya mahali pasipo salama? Kinalo, na liko midomoni mwa watu kila siku. Hakuna mama anayefungua debe na kusema mchele wake umevamiwa. Husema "mchele umeingia wadudu" au "mchele umeingiwa na wadudu". Chumba "kimeingia kunguni". Mahindi "yameingiwa na fukusi". Sikiliza muundo: mchele, chumba na mahindi ndivyo vinavyokaa mbele ya kitenzi, ingawa anayeingia kwa miguu yake ni mdudu. Na "kuingiwa", kama katika "kuingiwa na hofu", humtaja yule aliyepatwa na hali ambayo sasa imo ndani yake. Huo ni upande wa pili wa "infestus" bila kuongeza wala kupunguza. Ushauri wangu kwa maandishi ya ukaguzi ni huu: kitenzi cha hali kiwe "kuingiwa na wadudu hai", na nomino iwe "kuwepo kwa wadudu hai" pale fomu inapodai nomino. Ni ndefu kidogo, lakini neno "hai" usilikate hata nafasi ikibana.

Kwa nini ninasisitiza "hai"? Kwa sababu ndilo limo ndani ya maana rasmi. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea kuna faharasa ya istilahi, kiwango kinachojulikana kama ISPM 5, na vyeti unavyotafsiri vinaifuata. Maana inayotolewa humo, kwa Kiswahili changu, ni kuwepo ndani ya bidhaa kwa kisumbufu hai (yaani mdudu au kiumbe kingine kiharibifu) cha mmea au zao linalohusika, na inaongezwa kwamba maambukizi yamo ndani ya maana hiyo. Masharti ni matatu: kuwepo, kuwa hai, na kuwa kisumbufu cha zao hilohilo.

Sharti la tatu husahaulika mno. Mende akikutwa juu ya magunia ya mahindi, mahindi hayajaingiwa kwa maana ya faharasa hiyo. Konokono aliyejibanza kwenye kontena la vigae vya sakafu hajaviingia vigae. Faharasa ina jina jingine kwa viumbe wa namna hiyo, wale wanaosafirishwa na mzigo, kifungashio au chombo bila kushambulia mzigo wenyewe. Kiswahili kina kitenzi kinachowafaa sana, nacho ni kudandia. Kunguni-mti wa Asia anayeitwa kwa jina la kisayansi Halyomorpha halys amesumbua bandari nyingi kwa kudandia magari na mitambo, vitu asivyovila hata kidogo. Andika "visumbufu vilivyodandia" au "uchafuzi wa visumbufu", lakini usiandike kwamba bidhaa imeingiwa, kwa sababu hatua zinazofuata ni tofauti: kontena la vigae litafagiliwa au kufukizwa, ilhali mahindi yaliyoingiwa huenda yakarudishwa yalikotoka.

Sharti la pili, la uhai, lina uzito wa kisheria hata kwenye chakula. Kiwango cha mahindi cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, chenye namba CXS 153-1985, kinataka mahindi yasiwe na wadudu hai wala utitiri. Wadudu waliokufa kinawaweka kwenye kundi jingine, la uchafu wenye asili ya wanyama, na kinaruhusu usizidi asilimia 0.1 ya uzito. Kwa hiyo kwenye karatasi moja kuna safu mbili zisizochanganywa: hai, ambapo kinachoruhusiwa ni sifuri, na waliokufa, wanaopimwa kwa uzito. Mtafsiri akiandika "wadudu" tupu katika safu zote mbili, msomaji wa fomu hana njia ya kujua shehena imefaulu au imeanguka.

Hapa niingie kidogo kwenye kazi ya mkaguzi yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuchagua maneno. Sampuli za magunia huchukuliwa kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia. Kanuni inayotumika sana ni hii: magunia yasiyozidi 10, choma yote, kati ya 10 na 100, choma 10 yaliyochaguliwa bila upendeleo, zaidi ya 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi, yaani magunia 400 yachomwe 20. Sampuli hizo huunganishwa, hugawanywa mpaka ibaki kilo 1 au zaidi, kisha huchekechwa juu ya karatasi nyeupe. Wadudu walio hai huhesabiwa kwa kila kilo. Ikiwa ghala lina baridi, wadudu huduwaa na kuonekana kama wamekufa, kwa hiyo sampuli huwekwa kwanza mahali pa joto kwa dakika kadhaa ndipo ihesabiwe. Kosa la kuhesabu mdudu aliyeduwaa kuwa maiti hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Lakini chekeche humwona tu aliye nje ya punje. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha huliziba kwa ute unaokauka na kufanana na punje yenyewe. Buu hula humohumo, hugeuka bundo (hatua ya mpito kabla ya mdudu mzima) humohumo, na anayetoboa kutoka nje ni fukusi kamili. Kwenye joto la nyuzi 27 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 70, safari hiyo huchukua takriban wiki 5. Katika wiki zote hizo chekeche litatoa jibu la "hakuna", na jibu hilo litakuwa la uongo. Hali hii ina jina lake, na kwa Kiswahili ninapendekeza "kuingiwa kwa siri" au, katika maandishi ya kitaalamu, "wadudu waliofichika ndani ya punje". Kuna kiwango kizima cha kimataifa kwa ajili yake, ISO 6639, chenye sehemu 4. Njia yake ya msingi ni ya subira: sampuli huwekwa kwenye chombo kinachopitisha hewa lakini kisichopitisha mdudu, katika joto na unyevu unaodhibitiwa, na wanaotoka huhesabiwa kila baada ya muda mpaka kizazi kiishe. Njia za haraka ni pamoja na kupima kabonidayoksaidi inayotolewa na mabuu, eksirei, na kuelesha punje kwenye kimiminika, kwa kuwa punje iliyoliwa ndani ni nyepesi na huelea.

Neno "kubunguliwa" pia linahitaji uangalifu. Ni zuri na la asili, lakini linasema juu ya tundu, halisemi juu ya mdudu. Maharage yaliyobunguliwa huenda wadudu wake walikwisha kufa miezi mingi iliyopita. Na kinyume chake, kunde zenye vidoa vyeupe vidogo juu ya ganda na bila tundu hata moja huenda ndizo zilizoingiwa hasa, kwa sababu mbawakawa wa jamii ya Callosobruchus hugandisha mayai yao juu ya ganda. Katika fomu, "punje zilizobunguliwa" ni kipimo cha madhara, na "wadudu hai kwa kilo" ni kipimo cha kuingiwa. Mstari unaoeleweka ungesomeka hivi: "Sampuli kilo 1, fukusi hai 3, waliokufa 14, punje zilizobunguliwa 6 kati ya 100." Hapo hakuna haja ya sifa kama "nyingi" au "kali".

Jambo hilohilo la dalili dhidi ya uhai hujirudia kila mahali. Mtu akiona njia za udongo za mchwa ukutani hawezi kusema nyumba imeingiwa mpaka ajue kama zinatumika. Huvunja kipande cha sentimita chache katikati ya njia, huacha ncha zote mbili, na kurudi baada ya siku chache. Kikizibwa, mchwa wamo. Kisipozibwa, huenda wamehamia njia nyingine, na uchunguzi uendelee. Matundu ya mbawakawa kwenye mbao hupimwa kwa unga: mbao husafishwa, karatasi huwekwa chini, na unga mpya wa rangi ya mbao iliyotoka kukatwa ukianguka, kuna anayekula. Kwa panya, kinyesi kipya hung'aa na ni laini, cha zamani huwa kijivu na huvunjika. Poda nyembamba ikinyunyizwa sakafuni jioni itaonyesha nyayo asubuhi. Katika ripoti za namna hii tafsiri nzuri hutenganisha "dalili za zamani" na "dalili zinazoendelea".

Sasa watu wa afya. Wao wana sababu ya kutosema maambukizi kila mahali, ingawa wengi wao husema hivyo kwa mazoea. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, kundi la B85 hadi B89 ni la chawa, utitiri na viumbe wengine wanaoishi juu ya ngozi au ndani yake: upele ni B86, na tekenya ni B88.1. Kwa desturi ya tiba, chawa na utitiri hawaambukizi mwili kama bakteria wafanyavyo, bali huishi juu yake au ndani ya ngozi. Hapa faharasa ya mimea na desturi ya tiba zinaachana: ya mimea inayameza maambukizi ndani ya kuingiwa, ya tiba inayatenga. Kwa hiyo ukipata waraka wa mimea unaosema mbegu zimeingiwa na kuvu, usiusahihishe. Ukipata waraka wa hospitali, weka "kuwa na chawa" au "kuingiwa na utitiri", na uache maambukizi kwa ugonjwa. Kitenzi "kuambukiza" kinaweza kubaki pale tu inapozungumziwa namna chawa wanavyotoka kichwa hadi kichwa, kwa sababu hapo kinachotajwa ni kupitishana.

Upele ndio mfano ninaoupenda wa kuonyesha kwamba wingi si hoja. Mgonjwa wa kawaida, anayejikuna usiku kucha, huwa na utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima. Mwenye upele wa magamba, ambao huwapata zaidi wenye kinga dhaifu, anaweza kuwa na maelfu au hata mamilioni. Wote wawili wameingiwa, na wote wawili hutibiwa. Kwa chawa wa kichwani, kinachothibitisha ni chawa hai. Mayai matupu hung'ang'ania unywele kwa wiki nyingi, na kwa kuwa nywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, yai lililo mbali na ngozi kwa zaidi ya milimita 6 kwa kawaida limekwisha kuanguliwa au limekufa. Mtoto mwenye mayai hayo peke yake asiandikiwe kwamba ana chawa.

Nirudi kwa kunguni niliowataja mwanzo, maana wanaonyesha pia kikomo cha hoja ya mmoja. Jike aliyepandwa hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku, na mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi kwenye joto la kawaida la chumba. Kila mtoto hupita hatua 5 kabla ya kukomaa, na kila hatua inadai mlo wa damu. Dume mmoja, au mtoto mmoja wa kunguni, hawezi kuanzisha chochote peke yake. Mkaguzi makini huandika alichokuta na hatua yake: "dume 1", "watoto wa hatua mbalimbali na maganda yao". Watoto wa hatua tofauti wakionekana pamoja, hapo kuzaliana kumekwisha kuanza, na neno linastahili bila shaka.

Turudi kwenye "uvamizi". Mimi silikatai, ila ninalitaka likae mahali pake. Linafaa pale kisumbufu kinapoingia katika eneo ambako hakikuwepo. Dumuzi, mbawakawa wa mahindi ya ghalani ambaye wakulima wengine humwita skania, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alionekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na akasambaa kutoka hapo. Huo ni uvamizi. Kiwavijeshi wa Amerika, Spodoptera frugiperda, aliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2016, na jina lake la Kiswahili, kiwavijeshi vamizi, limemtofautisha vizuri na kiwavijeshi wa siku zote, Spodoptera exempta, aliye mwenyeji. Lakini fukusi aliyeishi katika maghala ya nchi yako kwa vizazi na vizazi hajavamia chochote anapopatikana katika gunia lako. Ukiandika "uvamizi wa fukusi" katika cheti kinachosomwa nchi nyingine, afisa anaweza kuelewa kwamba kuna mdudu mgeni aliyegunduliwa, jambo linalodai taarifa ya aina nyingine kabisa. Faharasa ina ngazi zake kwa hilo: kuingia, kisha kustawi kwa kudumu, na kundi jipya lililogunduliwa likiwa bado halijastawi lina jina lake.

"Mlipuko" nao una maana yake. Ni ongezeko la ghafla na kubwa, au kundi lililogunduliwa hivi karibuni. Ni jambo la eneo na wakati, si la gunia. Mtu hawezi kusema gunia lina mlipuko wa fukusi. Kwa nzige wa jangwani, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina ngazi nne: utulivu, mlipuko, ongezeko kubwa, na mwisho baa, ambalo hutajwa pale maongezeko makubwa yanapotokea kwa pamoja katika kanda mbili au zaidi. Nzige waliotanda Afrika Mashariki kuanzia mwisho wa 2019 waliitwa baa na watu wengi, lakini kwa ngazi hizo walikuwa ongezeko kubwa. Kundi la nzige la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige wazima milioni 40 hadi 80, kwa hiyo ninaelewa kabisa kwa nini mkulima hakujali ngazi. Mtafsiri wa taarifa ya tahadhari, hata hivyo, lazima ajali.

Limebaki "mashambulizi". Shambani ndilo bora, kwa sababu mdudu anakula mmea unaoonekana na kiwango chake hupimwa kwa asilimia. Mkaguzi hupita shamba kwa njia ya zigizaga yenye umbo la herufi W, husimama vituo 5, na kila kituo hukagua mimea 10 mfululizo. Mimea 11 kati ya 50 ikiwa na dalili mpya, kiwango cha mashambulizi ni asilimia 22. Asilimia hiyo haisemi kila mmea umeliwa kiasi gani. Hilo ni ukali, nalo hupewa alama zake peke yake. Mwongozo wa kudhibiti kiwavijeshi vamizi barani Afrika wa mwaka 2018 unapendekeza kuchukua hatua kwenye asilimia 20 mahindi yakiwa machanga, na asilimia 40 yakiwa makubwa kabla ya kutoa mbelewele, kwa kuwa mmea mkubwa hustahimili kuliwa majani.

Ukikutana na maneno "kiwango cha hasara ya kiuchumi" katika maandishi hayo, ujue si kiwango cha kuingiwa. Ni wazo lililoandikwa mwaka 1959 na wataalamu wa wadudu Stern, Smith, van den Bosch na Hagen: idadi ndogo kabisa ya wadudu ambayo hasara yake inalingana na gharama ya kuwazuia. Shamba lenye asilimia 8 limeshambuliwa, ila halijafikia kiwango cha kupuliziwa dawa. Tafsiri isemayo "shamba halina mashambulizi" kwa sababu halijafikia kiwango hicho ni ya kupotosha.

Jambo la mwisho ni fomu za baada ya ufukizaji, maana huko utakutana na neno la kuingiwa mara ya pili. Gesi ya fosfini huua na kuondoka. Haiachi kinga yoyote. Wadudu wakionekana tena, mwandishi wa ripoti huwa anachagua kati ya mambo matatu, na tafsiri isiyafanye moja. Wadudu wazima walio hai siku chache tu baada ya turubai kufunuliwa ni dalili ya ufukizaji ulioshindikana: gesi ilivuja, au siku za kufunika zilikatishwa. Wakitokea wiki 5 au 6 baadaye, wa aina ileile na umri unaolingana, wakitoka kwenye matundu mapya katikati ya rundo, hao ni masalia, kwa sababu mayai na mabundo hustahimili fosfini kuliko mabuu na wadudu wazima. Wakianzia magunia ya nje, karibu na mlango au ukuta wenye nyufa, hasa wakiwa wa aina tofauti, basi nafaka imeingiwa upya. Katika hali ya kwanza na ya pili andika "wadudu walionusurika"; katika ya tatu andika "kuingiwa upya", na utaje mahali walipokutwa kama ripoti asilia inavyotaja, kwa kuwa mwenye ghala ataamua kufukiza tena au kuziba nyufa kwa kutegemea mstari huo mmoja.